Nakala ya mkono si bandia ikitaja asili yake

Wapo wanaodharau picha za kale za Marekani zinaponakiliwa kwa mkono, wakidai kwamba thamani iko kwenye picha ya kwanza pekee. Historia inawapinga. Mwaka 1796 Gilbert Stuart alimchora George Washington, akaiacha picha hiyo bila kuimaliza, kisha akaitumia kama kielelezo cha makumi ya nakala alizouza kwa dola 100 kila moja. Binti yake Jane, naye mchoraji, alinakili pia. Sura iliyo kwenye noti ya dola moja inatokana na picha hiyohiyo. Kunakili, basi, kulikuwa sehemu ya sanaa yenyewe.

Watakaosema nakala hufungua mlango wa ulaghai wana hoja, lakini dawa yake ni uwazi: mchoraji aandike jina lake, mwaka na asili ya picha nyuma ya turubai. Wengine watasema uchapishaji wa mashine unatosha. Hautoshi, kwa sababu mashine haimfundishi mtu jinsi rangi ya ngozi inavyojengwa tabaka juu ya tabaka. Anayenakili kwa uaminifu huurithi ujuzi huo, na anastahili heshima na malipo ya haki.