Mwanamke Baada ya Uzazi

Hapana dhuluma nyepesi kutendeka kama ile inayojificha nyuma ya neno maumbile. Mwanamke wa Kyela ambaye hedhi yake imekoma huambiwa avumilie, kwa kuwa lililompata ni la maumbile. Kuzaa nako ni maumbile. Lakini hajatokea mtu mwenye akili aliyedai kwa hoja hiyo kuwa wakunga wafukuzwe na wodi ya wazazi ifungwe.

Mambo yenyewe hayana fumbo. Mwanamke akikaribia miaka 50, mayai yake ya uzazi huelekea kwisha, na homoni iitwayo estrojeni hupungua pamoja nayo. Ikitimia miezi 12 bila ya hedhi, ukomo umethibiti. Estrojeni haikuwa mtumishi wa tumbo la uzazi peke yake: ilisaidia ubongo kupima joto la mwili na ililinda mifupa. Basi wako wanaopita salama, na wako wanaoshikwa na joto la ghafula kutoka kifuani hadi usoni, jasho la usiku na usingizi wa vipande vipande, kwa miaka 7 au zaidi. Bondeni, ambako hewa ya Ziwa Nyasa ni nzito na mbu hawana likizo, jasho hilo ni rahisi kudhaniwa malaria. Mama aliyeshinda akipalilia mpunga akameza dawa asiyoihitaji, tena bila ya kupimwa damu.

Dawa ya kurejesha homoni ipo, kwa kidonge, kwa bandiko la ngozi au kwa jeli, nayo hushinda nyingine zote katika kutuliza joto hilo. Mwenye tumbo la uzazi huongezewa projestini, maana estrojeni peke yake yaweza kuzusha saratani humo.

Watetezi wa kimya wana silaha moja, nayo ni saratani ya matiti. Mwaka 1966 daktari Robert Wilson wa Marekani aliwaahidi wanawake, kitabuni mwake, uanawake usiozeeka. Ahadi hiyo ilikuwa ya muuza duka zaidi kuliko ya tabibu. Julai 2002 utafiti mkubwa wa huko huko, wenye wanawake 16,608, ulikatizwa, na hofu ikaenea duniani. Hofu ilisafiri, hesabu iliachwa bandarini. Katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka mmoja, waliotumia homoni mbili walipata saratani ya matiti 38, na waliopewa vidonge vitupu 30. Wanane si wa kudharauliwa. Lakini wastani wa umri wa wanawake hao ulikuwa miaka 63! Uchambuzi uliofuata ulionyesha kuwa kwa wengi walio chini ya miaka 60, au ambao hedhi ilikoma katika miaka 10 iliyopita, faida huizidi hatari wanaposumbuliwa sana. Aliyepata kuugua saratani ya matiti, au kuganda damu mishipani, au anayetokwa damu isiyojulikana sababu, huyo dawa hii si yake.

Wala homoni si mgeni katika nchi hii. Chama cha UMATI kilianza kazi ya uzazi wa mpango mwaka 1959, na leo sindano, vidonge na vijiti ni maneno ya kila kijiji. Iweje homoni iwe heri kwa mwanamke wa miaka 25 na sumu kwa wa miaka 50? Kliniki huitwa ya mama na mtoto. Asiye na mtoto mgongoji hana foleni ya kusimama. Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1951, alieleza jinsi Wanyakyusa walivyojenga vijiji kwa marika ya wanaume. Mke alifuata kijiji cha mumewe. Rika lake halikujengewa kitu. Leo anatakiwa kumweleza habari za mwili wake tabibu kijana aliye rika la mwanawe, na akinyamaza huitwa mjinga, hali aliyoyashika ni adabu aliyofunzwa.

Basi aanze tabibu kunena. Swali la hedhi ya mwisho, kipimo cha malaria kabla ya dawa, kipimo cha shinikizo la damu, ulizo la saratani katika ukoo: hayo hayangoji bandiko la Ulaya lishuke Itungi kwa meli.