Axel Foley amerudi, ulimi wake umebaki 1984

Wahenga walisema kwamba jogoo wa shamba hawiki mjini. Filamu ya Beverly Hills Cop, iliyotolewa nchini Marekani mwezi Desemba 1984, ilijengwa yote juu ya kuikanusha methali hiyo, ingawa yamkini walioitengeneza hawakupata kuisikia. Detroit, naam, si shamba. Ni mji mkubwa wa viwanda vya magari. Lakini mbele ya Beverly Hills, mji mdogo wa matajiri na nyota wa sinema huko California, mpelelezi mweusi mwenye fulana iliyochujuka na gari bovu alikuwa mtu wa shamba kabisa. Axel Foley alikwenda huko kumsaka aliyemuua rafiki yake, na akawika.

Silaha yake kubwa haikuwa bastola bali ulimi. Mwalimu wa Isimu jamii anayekikumbuka kile kipande cha hoteli atakubaliana nami kwamba ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa jinsi msemaji anavyoweza kuigeuza sajili ikawa ufunguo. Foley anafika mapokezi bila kuwa ameagiza chumba. Anaambiwa kwa adabu kwamba vyumba vimejaa. Papo hapo anajivika cheo cha mwandishi wa jarida la Rolling Stone aliyekuja kumhoji Michael Jackson, anapaaza sauti, na kudai kwamba ananyimwa chumba kwa sababu ya rangi yake. Ukumbi mzima unageuka kutazama. Mara chumba kinapatikana, tena cha kifahari, na kwa bei ya chumba cha mtu mmoja.

Hebu tuyatazame yaliyomo katika dakika zile chache. Mtu mmoja amehama kutoka sauti ya msafiri hadi sauti ya mwanahabari aliyeghadhibika, na amehama akijua barabara ni neno lipi linaloogopwa na watu wa mahali pale. Ubaguzi haumtetemeshi, anautumia woga wa watu wa kuitwa wabaguzi. Baadaye anajifanya mkaguzi wa forodha katika ghala la mhalifu. Anapotaka kumfikia mhalifu huyo katika klabu ya wakwasi, anaingia kwa sauti laini ya mtu mwingine kabisa, aliyeleta habari ya faragha kuhusu maradhi ya zinaa, na mhudumu wa mlangoni anaona haya, anampisha. Kila mlango una lugha yake. Sisi tunaofundisha mambo haya huyahangaikia muhula mzima kwa chaki na ubao.

Msomaji wa Kenya, ambaye kwa siku moja huzungumza na utingo wa matatu kwa Sheng, na mwalimu wake kwa Kiswahili sanifu, na karani wa benki kwa Kiingereza, hahitaji kufafanuliwa kwa nini mtu huyu alipendwa.

Nusura yote hayo yasiwepo. Mhusika Foley alikuwa amekusudiwa Sylvester Stallone, ambaye aliuandika upya mswada ukawa wa risasi na moto mtupu. Gharama zilipopanda, studio ya Paramount ikaachana naye muda mfupi kabla ya upigaji picha kuanza, na baadhi ya mawazo yake akayapeleka katika filamu yake ya Cobra ya mwaka 1986. Nafasi ikamwangukia Eddie Murphy, kijana wa miaka 23, ambaye mengi ya maneno yake aliyabuni pale pale mbele ya kamera. Mwelekezi, Martin Brest, hakuwa na jina kubwa wakati huo. Matokeo yakawa mapato ya zaidi ya dola milioni 230 huko Amerika Kaskazini, na mswada wa Daniel Petrie Mdogo ukapendekezwa kuwania tuzo ya Oscar, heshima ambayo filamu za vichekesho na mapambano huipata kwa nadra sana.

Zilizofuata sitazikalia. Ile ya 1987, iliyoelekezwa na Tony Scott, ilizidisha kelele ikapunguza akili. Ile ya 1994, ambayo kisa chake kilihamishiwa kwenye bustani ya burudani, ilikuwa chapwa kiasi kwamba Murphy mwenyewe hajaficha kwamba haipendi. Mwaka 2013 palitengenezwa kipindi cha majaribio cha televisheni kuhusu mwanawe Foley. Kituo cha CBS kikakikataa.

Kisha, tarehe 3 Julai 2024, miaka 30 baada ya ile ya tatu, Netflix ikatoa Beverly Hills Cop: Axel F, iliyoelekezwa na Mark Molloy. Murphy alikuwa na umri wa miaka 63. Koti la timu ya Detroit Lions limerudi. Muziki wa Harold Faltermeyer, ambao hata asiyeijua filamu huujua, umerudi. Wimbo wa mwanzo ni ule ule wa 1984. Ya kwanza ilianza kwa lori la sigara likivurumisha magari barabarani. Hii inaanza kwa gari la kuondolea theluji likifanya vivyo hivyo. Judge Reinhold na John Ashton, wale askari wawili waliokuwa wakiburutwa na Foley katika kila balaa, wamerudi nao. Nakiri kwamba kuwaona kulinifurahisha, na furaha hiyo imeingiwa na majonzi, kwa kuwa Ashton alifariki mnamo Septemba mwaka huo huo. Siwezi kumlaumu mtu yeyote aliyeitazama filamu hii kwa ajili ya nyuso hizo tu.

Hata hivyo nathubutu kusema kwamba waliofufua filamu hii walichukua mavazi wakaacha mwili. Foley wa 1984 alichekesha kwa sababu hakuna aliyemjua. Uwongo wake ulikuwa na hatari ndani yake: angeweza kufukuzwa, kupigwa, kutiwa ndani, na kweli alitiwa ndani. Foley wa 2024 anajulikana na kila askari wa Beverly Hills. Mmoja wa rafiki zake ndiye mkuu wa polisi. Binti yake, aliyeigizwa na Taylour Paige, ni wakili katika eneo hilo hilo la matajiri. Jogoo huyu si wa shamba tena. Awike kumtisha nani?

Ajabu ni kwamba filamu yenyewe inalijua hilo. Foley anafika tena katika mapokezi ya hoteli ya kifahari, anaanza kujivika uhusika mwingine, uwongo unaanza kumtoka, mara anakatiza. Amechoka. Anauliza tu kama kuna chumba, na chumba kipo. Kipande hicho ni kifupi mno, lakini kwangu ndicho pekee katika filamu nzima kinachostahili kuwekwa kando ya kile cha 1984. Ndani yake mna mzee aliyegundua kwamba ulimi uliompa ulimwengu hauna kazi tena, na kwamba huenda haukuwa na kazi tangu zamani mbele ya binti asiyetaka kuchekeshwa, bali kusemeshwa ukweli. Hapo palikuwa na filamu nzima. Walioifufua waliipita mbio wakaenda kuiba helikopta.

Kwa nini waliipita? Sidhani ni kwa kukosa akili. Jina linalojulikana hujiuza lenyewe, na anayeketi mbele ya orodha ya maelfu ya filamu nyumbani kwake huvutwa na lile analolitambua. Mfanyabiashara hana kosa kulijua hilo. Ninalolisikitikia ni kwamba Beverly Hills Cop yenyewe ilizaliwa kwa kubahatisha: nyota mkubwa akaondoka, kijana mwenye maneno yake mwenyewe akaingizwa mlangoni. Fedha na jitihada zinazotumiwa kumpamba mtu wa miaka 63 kwa koti la ujana wake ndizo ambazo zingeweza kumfungulia mlango kijana mwingine wa miaka 23, mwenye lugha ya Detroit ya leo, ambayo mimi na Murphy hatuijui.

Kwa walimu wa vyuo ningependekeza vipande vile viwili vya hoteli vitazamwe kwa kufuatana, cha 1984 kisha cha 2024 (cha kwanza kina matusi, kwa hiyo si cha kidato cha kwanza), na wanafunzi waulizwe ni nini kilichobadilika baina ya msemaji na msikilizaji hata sajili ikapoteza nguvu. Majibu yatakuwa mengi. Ama yeyote aliyekiandika kile cha pili, ningelipa kiingilio kwa furaha kuitazama filamu nyingine kutoka kwake, yenye mhusika ambaye hatujapata kumsikia.