Ukibadilisha Injini, Hamisha na Elimu Yake

Nyumbani kwetu Kikatiti kuna Land Rover 109 ya babu ambayo imebeba kila kitu: mahindi, ndizi, saruji, maharusi na majeneza. Ni Series III, toleo lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Mapema 2024 injini yake ya petroli ya lita 2.25 ilichoka kabisa. Baba mdogo akaamua itolewe, iwekwe 3RZ-FE ya Toyota, injini ya mtumba ya lita 2.7, ileile iliyokuwa ikifungwa kwenye Hiace na Prado.

Babu hakukubali. "Mkiitoa hiyo injini, mtabaki na bodi tu," alisema. Na Oktoba mwaka huohuo, mamia ya Land Rover yalipojaa Arusha kwa ajili ya Land Rover Festival, kijana mmoja alichungulia chini ya boneti yetu akacheka: "Hii ni Hiace iliyovaa koti!"

Wengi wetu tulicheka naye. Lakini mimi nasema baba mdogo alikuwa sahihi, ila alifanya nusu ya kazi.

Tuanze na usahihi wake. Gari letu si la maonyesho, ni la kazi. Kabureta haijui imefika wapi. Ukipanda barabara ya Sakila hewa inakuwa nyepesi, yenyewe inaendelea kumwaga mafuta kwa kipimo kilekile, gari linatoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Injini ya nozeli ina sensa zinazopima hewa na joto, halafu kontroli boksi inaamua petroli kiasi gani iingie. Ile ya zamani ilikuwa na nguvu za farasi kama 70. Hii ina karibu 150. Na spea zake unazipata mjini bila kuagiza Uingereza. Anayetaka kila kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani, aulizwe kwanza kama ndiye atakayelipa.

Sasa nusu iliyobaki. Fundi wa kwanza alikuwa na mikono mizuri kweli. Alitengeneza vikalio vya injini, akafunga giaboksi ya Toyota, akarekebisha propela. Lakini nguvu ilipozidi mara mbili, breki zilibaki zilezile za dramu, na shafti za nyuma zilezile ambazo hata kwa injini ya zamani zilikuwa na sifa ya kukatika. Mpira wa mafuta nao ulibaki wa kabureta. Kabureta inataka mafuta yaje taratibu. Nozeli zinataka presha kubwa karibu mara kumi ya ile. Wiki ya tatu mpira ukapasuka, petroli ikadondoka karibu na ekzosi ya moto. Mama ndiye aliyesikia harufu. Ndani walikuwa wamekaa watu sita.

Ikaja Julai, na ninyi mnaijua baridi yetu ya chini ya Meru. Gari likagoma kuwaka asubuhi. Likishapata moto, halina shida. Tukabadilisha plagi, tukabadilisha pampu, tukabadilisha betri. Kila fundi alikuja na hisia zake, na kila hisia ilikuwa na bei. Hela ya sare na madaftari ya mdogo wangu wa kidato cha kwanza ikaishia humo. Akarudi shule na sketi ya dada yake.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa gereji ya barabarani. Hakuwa na kompyuta. Alifungua kiboksi kidogo chini ya boneti, akaunganisha matundu mawili yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, akawasha swichi bila kupiga stata. "Mwalimu, hebu hesabu hiyo taa ya injini," akaniambia. Ikawaka mara mbili, ikatulia, ikawaka mara mbili tena. Ishirini na mbili. Sensa ya joto la maji.

Kumbe kontroli boksi isipopata taarifa ya sensa hiyo, inachukulia kwamba injini ina joto la nyuzi kama 80, basi inatoa petroli kidogo. Mchana haidhuru, lakini asubuhi ya Julai ndiyo haiwaki. Waya ulikuwa umekatwa siku ya kufunga injini, ukaungwa kwa utepe, ukaachia. Aliuchomelea kwa risasi, dakika kumi tu.

Nimesoma ualimu miaka mitatu, na somo lile lilinigusa kuliko semina nyingi. Injini ilisafiri kutoka Japani hadi Kikatiti, lakini maarifa yake yalibaki kwenye vitabu vya Kiingereza ambavyo fundi wetu hajawahi kuviona. Tukimwita mbabaishaji tunamwonea. Alijifunza kwa kushika spana za bosi wake, na bosi wake alijifunza kabureta.

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari. Vizuri sana. Lakini tukiwapelekea wanafunzi jina la amali bila vitabu wanavyovielewa, bila injini ya kufungua, tutakuwa tumefanya kama baba mdogo: injini mpya, waya umeungwa kwa utepe. Na sisi tunaosomea ualimu tusijitoe hapo. Tuna Kiingereza, tuna bando, tuna likizo ndefu.

Mimi nimeanza na kidogo. Nimeandika kwa Kiswahili karatasi moja yenye namba za taa na maana zake: 22 joto la maji, 24 joto la hewa inayoingia, 41 sensa ya mkao wa kipepeo cha hewa (throttle). Chini nimeongeza mambo matatu: badilisha mpira wa mafuta, imarisha breki, na peleka namba mpya ya injini TRA ili ilingane na kadi ya gari. Mzee ameibandika ukutani gerejini kwake, na mafundi wa jirani wanakuja kuipiga picha.

Babu bado anasema ile si Land Rover. Lakini Jumapili, asubuhi na mapema, yeye ndiye wa kwanza kupanda mbele.