Pikipiki iliyopanda mawimbi: ukweli wa video ile, na somo lake kwenye mito yetu

Huenda imeshafika kwenye simu yako. Mtu mwenye kofia ngumu anatoka ufukweni na pikipiki ya mashindano, anaingia baharini kwa kasi, na badala ya kuzama anakwenda juu ya maji. Nyuma yake linainuka wimbi refu kuliko nyumba. Anateremka nalo, maji yanajikunja juu ya kichwa chake, kisha video inakatika.

Video hiyo inazunguka bila maelezo, na swali linalojirudia vijiweni ni moja: ni kweli au ni ujanja wa kompyuta? Msimu wa mvua unapofika swali hilo hupata mkia: kama yule kaweza kupita baharini, kwa nini mimi nishindwe kuvuka korongo hili na Boxer yangu?

Jibu la swali la kwanza ni fupi: ni kweli. La pili linahitaji maelezo, kwa sababu kila mwaka kuna watu wanaolijibu kwa maisha yao.

Ni nani, na ni wapi

Mwendeshaji ni Robbie Maddison, raia wa Australia. Kazi yake ni kuruka na pikipiki mahali ambapo wengine hawathubutu. Mwaka 2010 aliruka juu ya mfereji wa Corinth nchini Ugiriki, na ni mmoja wa waendeshaji walioshiriki michezo ya hatari ya pikipiki katika filamu ya James Bond ya mwaka 2012, Skyfall.

Video ya mawimbi inaitwa Pipe Dream na ilitolewa Agosti 2015. Ilipigwa Tahiti, kisiwa kilicho katikati ya bahari ya Pasifiki na kilicho chini ya Ufaransa. Sehemu yake kubwa ni Teahupo'o, mahali panapojulikana kwa mawimbi mazito. Hapo bahari yenye kina kirefu inakutana ghafla na mwamba wa matumbawe ulio karibu sana na uso wa maji, kwa hiyo wimbi linajikwaa, linasimama na kujikunja kama bomba. Ndipo Ufaransa ilipopeleka mashindano ya kuteleza kwenye mawimbi ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, ingawa ni zaidi ya kilomita 15,000 kutoka Paris kwenyewe.

Michezo miwili, watu walewale

Wengine wanauliza bahari na pikipiki za matope vinakutana wapi. Vimekutana zamani. Huko California, Marekani, kulikuwa na mtengeneza filamu aitwaye Bruce Brown. Mwaka 1966 filamu yake The Endless Summer ilisambazwa kwenye majumba ya sinema. Inawafuata vijana wawili wanaozunguka dunia na mbao zao wakitafuta mawimbi, wakipitia pia Senegal, Ghana, Nigeria na Afrika Kusini. Miaka mitano baadaye, 1971, mtu huyohuyo alitoa On Any Sunday, filamu ya pikipiki za mashindano, nyingi zikiwa za vumbi, jangwa na matope. Mwigizaji Steve McQueen, aliyekuwa akipenda pikipiki kuliko sinema, alisaidia kuigharamia na akaonekana ndani yake. Filamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mwisho wake unaonyesha pikipiki zikikimbia ufukweni, mchanga upande mmoja na mawimbi upande mwingine.

Mwanawe, Dana Brown, akafuata njia hiyohiyo: mwaka 2003 filamu ya mawimbi, mwaka 2005 filamu ya mbio za jangwani za Baja nchini Mexico. Na hadi leo mji wa Biarritz, Ufaransa, una tamasha linaloitwa Wheels and Waves, ambako watu hufika na pikipiki na mbao za mawimbi kwa pamoja.

Sababu si ngumu kuiona. Michezo yote miwili inachezwa mtu akiwa amesimama, magoti yamelegea, macho yakitazama mbele na si chini ya miguu. Anayeteleza kwenye wimbi anasoma maji yanavyobadilika. Anayepita kwenye matope anasoma udongo: pale panateleza, hapa panashika. Dereva wa bodaboda anayepita njia ya shamba siku ya mvua anaujua ustadi huo vizuri, hata kama hajaona bahari maisha yake yote.

Kwa hiyo Maddison hakuzua jambo kutoka hewani. Aliunganisha vitu viwili ambavyo watu wa aina yake walikuwa wakivipenda kwa pamoja kwa zaidi ya miaka arobaini. Kilichokuwa kigumu ni kuifanya pikipiki isizame.

Pikipiki ilikwendaje juu ya maji?

Wengi wetu tulicheza mchezo huu utotoni: unaokota jiwe bapa, unalirusha kwa ubavu juu ya bwawa, linadunda mara tatu, nne, kisha linazama. Jiwe ni zito kuliko maji, lakini likiwa na kasi na likatua kwa bapa, maji hayapati muda wa kulipisha. Yanalisukuma juu. Kasi ikiisha, linakwenda chini.

Pikipiki ya Maddison ilifanya kazi kwa kanuni hiyo. Mbele na chini yake ilifungwa vibao vya kuteleza, mfano wa vile vinavyotumika kwenye theluji. Tairi la nyuma lilikuwa na meno marefu kama makasia ya kuchota maji na kusukuma pikipiki mbele. Aliingia majini akiwa tayari ana kasi, na hakuruhusiwa kuachia moto hata kidogo. Akipunguza tu, pikipiki inazama kama lile jiwe.

Hapa kuna kanuni moja ya kuikumbuka, kwa sababu ndiyo itakayotufikisha kwenye mto wa kijijini. Nguvu ya maji yanayosukuma kitu haiongezeki sawasawa na kasi. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Kasi ikiwa mara tatu, nguvu inakuwa mara tisa. Ndiyo maana ukiweka kiganja juu ya maji taratibu kinaingia bila shida, lakini ukiyapiga kwa nguvu kiganja kinauma.

Kisichoonekana kwenye video

Video ni ya dakika chache. Maandalizi yake yalichukua karibu miaka miwili ya kujaribu vibao, kuzamisha pikipiki, kuitoa, kuikausha na kuanza upya. Majini kulikuwa na waokoaji wenye vyombo vya kasi, wakisubiri kumfuata pale atakapoanguka. Na alianguka. Wimbi lilimfunika, akatupwa chini ya maji pamoja na pikipiki yake. Ni mwanamichezo wa kulipwa, ana timu, ana vifaa, ana kampuni inayolipia kila pikipiki inayozama, na bado nusura bahari imchukue.

Simu inapokuletea sekunde thelathini za ushindi, imeacha nje miaka miwili na waokoaji wote. Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Mto wetu ni kinyume cha bahari ile

Sasa turudi kwenye korongo. Kwenye video, mwenye kasi ni mwendeshaji, na ile kanuni ya mara nne inamwinua. Kwenye mto uliofurika, mwenye kasi ni maji, na kanuni ileile inakupiga ubavuni. Mto unaotembea mara mbili zaidi ya jana haukusukumi mara mbili. Unakusukuma mara nne.

Lita moja ya maji ina kilo moja. Mita moja ya ujazo ina tani nzima, na mto uliofurika unakuletea tani baada ya tani bila kupumzika. Wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani wanaonya kwamba maji ya mafuriko yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kulibeba gari dogo. Sentimita 15 ni juu kidogo ya kifundo cha mguu. Pikipiki ina magurudumu mawili membamba, na ukiwa na abiria nyuma na gunia juu, uzito wote uko juu. Maji hayahitaji kuibeba. Yakiisogeza gurudumu moja kidogo, imelala.

Halafu kuna usichokiona. Maji ya mafuriko ni ya udongo, na chini yake barabara ya jana inaweza kuwa imeshachimbwa shimo.  Wewe huoni kitu.

Hatari hii si ya kufikirika. Aprili 25, 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua kubwa, mafuriko na maporomoko ya msimu ule yalikuwa yameua watu 155 na kujeruhi 236 nchini Tanzania. Majirani zetu Kenya nao walipoteza mamia ya watu katika mvua hizohizo.

Lawama si za kijana peke yake

Ni rahisi kusema bodaboda ni wakaidi. Lakini tuangalie hesabu. Kijana mwenye pikipiki ya mkataba anadaiwa hesabu ya siku, mvua inyeshe isinyeshe. Upande wa pili wa korongo kuna mama mjamzito, au gunia la mahindi linalosubiriwa mnadani. Daraja hakuna, au kalavati lilisombwa mwaka juzi. Video ya Tahiti haimsukumi mtu huyo majini yenyewe. Inamwongezea tu ujasiri pale ambapo mfuko na barabara vimeshamsukuma.

Kwa hiyo kumwambia asivuke hakutoshi. Mmiliki wa pikipiki anayesamehe hesabu ya siku moja ya mafuriko anapoteza fedha kidogo. Akikataa, anaweza kupoteza pikipiki na dereva kwa pamoja. Serikali ya kijiji inaweza kuweka nguzo yenye alama za kina kwenye kila kivuko: chini ya alama hii pita, juu yake ngoja. Barabara za vijijini Tanzania ziko chini ya TARURA, na kivuko kinachoua kinapaswa kuripotiwa huko kwa maandishi kupitia kijiji na diwani, ili kiingie kwenye mpango na kisibaki kuwa habari ya msibani.

Ufanye nini ukifika kwenye maji

Kwanza, kama maji yanatembea na huoni chini, usiingie. Makorongo mengi hujaa ghafla na kupungua baada ya saa chache. Na usidanganywe na jua la kwenu, kwani mvua iliyonyesha milimani inaweza kukufikia chini anga ikiwa safi.

Pili, abiria ana haki ya kushuka. Ukiwa abiria na dereva anataka kujaribu, shuka hata kama umeshalipa.

Tatu, ukisombwa, achia pikipiki. Unaweza kufa ukiipigania. Lala chali, miguu ikitangulia kule maji yanakokwenda, na usijaribu kusimama katikati ya mkondo, kwani mguu ukinasa kwenye jiwe maji yatakulaza. Sogea ukingoni kidogo kidogo.

Nne, ukimwona mwenzako anasombwa, usiruke majini. Rusha kamba, mti mrefu au dumu tupu lililofungwa. Kwa Tanzania, Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa namba 114 bila malipo.

Tano, pikipiki iliyozama isipigwe kiki. Injini hubana hewa, lakini maji hayabanwi. Ukilazimisha, mkono wa pistoni unapinda, na hapo umenunua injini mpya. Fungua plagi, piga kiki taratibu mpaka maji yatoke, kausha kichujio cha hewa, angalia oili. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, imeingia maji. Imwage, weka nyingine.

Video ya Maddison ni nzuri, itazame na uifurahie. Ni kazi ya mtu aliyependa bahari na matope na akapata njia ya kuviunganisha. Ila ukiituma kwenye kundi la WhatsApp la kijiweni msimu huu, iambatanishe na maneno mawili: jamaa alikuwa na vibao vya kuteleza chini ya magurudumu, na watu wa kumwokoa. Sisi kwenye korongo letu hatuna hata kimoja.