Madereva wa Tarime na Serengeti, tupunguze mguu

Ndugu zangu madereva, na nyinyi mabosi wenye vyombo, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunaisubiri EWURA itangaze bei kikomo za mafuta. Huku Mara tunalipa zaidi ya wenzetu wa Dar es Salaam, maana mafuta yamesafiri njia nzima kutufikia. Bei hiyo hatuipangi sisi. Lakini lita zinazoishia njiani kati ya Sirari na Tarime mjini, au kati ya Mugumu na Nyamongo, nyingi zinaamuliwa na mguu wa dereva.

Naomba tuanze na kuzima injini. Pita stendi asubuhi. Mchomoko unasubiri abiria wa mwisho, dereva yuko nje anaita watu, injini inanguruma. Nyuma yake, usawa wa bomba la moshi, mama amekaa kwenye kigoda anakaanga maandazi, mtoto yuko mgongoni. Gari dogo likisimama hivyo linaweza kunywa nusu lita au zaidi kwa saa bila kusogea hata hatua moja. Na moshi ule hauanzi kwa dereva, unaanza kwa mama na mwanawe. Malori ya dizeli yanayosubiri mpakani Sirari ni hatari zaidi: mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitamka kuwa moshi wa dizeli unasababisha saratani. Na wewe kijana wa bodaboda hapo kijiweni: mura, zima pikipiki mpaka mteja aje.

Halafu mwendo. Ukitoka kilomita 50 kwa saa ukafika 100, hewa inakuzuia kwa nguvu mara nne, na nguvu hiyo yote unainunua kituoni. Hata hivyo kwa barabara zetu naona hasara kubwa iko kwenye matuta na ng'ombe. Tuta linaonekana kwa mbali, tena tunalijua tangu jana, lakini tunakanyaga mafuta mpaka tunalifikia, tunapiga breki, kisha tunakanyaga upya kama tunafukuzwa. Achia mafuta mapema, gari liende lenyewe mpaka kwenye tuta. Ng'ombe wakivuka, wape nafasi ukiwa bado mbali.

Kuna tabia ya kuteremka milima ya Tarime kwa gia huru, tukiamini tunabana mafuta. Tuiache, inaua. Tena magari mengi ya siku hizi yenye mfumo wa sindano hukata mafuta yenyewe ukiachia pedeli gari likiwa kwenye gia. Ukiweka huru, injini inalazimika kunywa ili isizime. Faida haipo, na breki zinabaki peke yake.

Barabara za vumbi zina gharama yake. Kichungi cha hewa kikijaa vumbi injini inakosa pumzi, hasa pikipiki za kabureta, na bomba linatoa moshi mweusi. Kikague kila unapotoka safari ya vumbi. Pima na upepo wa matairi kabla hujapakia magunia, si baada ya tairi kulala.

Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kilo 2.3 hivi za hewa ukaa. Ni nzito kuliko petroli yenyewe, kwa sababu kaboni iliyomo inachukua oksijeni ya hewani. Hewa hiyo inabaki angani miaka mingi ikiongeza joto na kuvuruga mvua, nasi mahindi yetu, mifugo yetu na nyumbu wanaoleta wageni Serengeti wote wanategemea mvua.

Sasa nasema na mabosi. Dereva anayedaiwa hesabu kubwa kila jioni hawezi kwenda taratibu hata akitaka. Kaeni naye mpime pamoja: jazeni tangi, andikeni kilomita, wiki ikiisha jazeni tena mgawanye kilomita kwa lita zilizoingia. Wiki inayofuata aendeshe kwa utulivu, mpime upya. Kilichookolewa mgawane naye, na namba hizo mbili mziandike ukutani pale kijiweni, wenzake wazione.