Makanisa matatu yaliungana, majina mawili yakabaki

Katikati ya miaka ya 1970, makanisa matatu ya Waepiskopo, yaani Waanglikana wa Marekani, yaliungana mjini New York kuwa parokia moja: Calvary, St. George's na Holy Communion. Leo parokia hiyo inajulikana kwa jina la Calvary-St. George's. Jina la tatu limedondoka, nami nashikilia kwamba ndilo lililostahili kutangulia.

Holy Communion lilifunguliwa mwaka 1846 chini ya kasisi William Augustus Muhlenberg. Zama hizo viti vya kanisani vilikodishwa: wenye fedha walikuwa na mahali pao, na maskini alitafuta pembe au alibaki nyumbani. Muhlenberg aliikataa kodi hiyo. Aliyeingia alikaa alipopenda. Sadaka ya waumini wake ndiyo iliyoanzisha mfuko wa hospitali ya St. Luke's, na kutoka kanisani humo, kwa uongozi wa Anne Ayres, likazaliwa shirika la kwanza la masista wa Kiepiskopo nchini Marekani. Na St. George's, kanisa la tajiri J. P. Morgan? Lilifuta kodi ya viti mwaka 1883, baada ya kasisi William Rainsford kuweka jambo hilo kuwa sharti la kuikubali kazi. Ni miaka 37 baada ya Holy Communion. Basi aliyeonekana mdogo katika muungano ndiye aliyekuwa ametangulia njia, na St. George's likamfuata muda mrefu kabla ya hati yoyote ya kuungana.

Wapo watakaosema jina la makanisa matatu ni refu mno, na kwamba asiye na jengo hana cha kuitwa. Jengo la Holy Communion, kazi ya msanifu Richard Upjohn, kweli liliuzwa, na mwaka 1983 likageuka disko la Limelight. Jiji lilikuwa limelitambua kuwa urithi tangu 1966, lakini ulinzi huo ulikuwa wa kuta, si wa ibada. Siwalaumu waliouza. Waumini wakipungua, majengo matatu makubwa ya mawe hula sadaka yote, na kuachia moja ni busara. Lakini jina halivuji paa wala halidai fundi. Calvary na St. George's bado yamesimama, kila mpita njia anayaona. Calvary linakumbukwa pia kwa kasisi Samuel Shoemaker, aliyewasaidia waanzilishi wa chama cha walevi wanaoacha pombe. Lililopoteza kuta ndilo lenye haja kubwa zaidi ya kutajwa, maana halina kingine cha kulisemea.

Wazee wa parokia hiyo wana uwezo wa kulirekebisha hili kwa kikao kimoja. Walirudishe jina la Holy Communion.