Vijidudu au Vijiumbe? Lugha Yetu na Uhai wa Udongo

Mkulima anapoung'oa mharagwe wenye afya, aghalabu huona vinundu vidogo mizizini. Wapo wanaovidhania kuwa ugonjwa. Mtaalamu akija akawaambia kwamba ndani ya vinundu hivyo mna "vijidudu", huwa ameithibitisha hofu yao, kwani neno hilo katika Kiswahili cha kila siku limezoeana na maradhi na dawa ya kuulia. Kwa maoni yangu, kosa hapa si la mkulima. Ni letu sisi tunaojiita wanalugha.

Hebu tuutazame ukweli wenyewe. Takriban asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitwaa moja kwa moja. Bakteria waitwao raizobia huingia katika mizizi ya maharagwe, kunde na soya, wakaigeuza naitrojeni hiyo kuwa chakula cha mmea. Nao mmea huwalipa kwa sukari. Ukikipasua kinundu ukakuta wekundu ndani yake, jua kazi inaendelea. Kuvu nao hutandaza nyuzi zao mbali kuliko mizizi ifikavyo, wakauletea mmea fosforasi. Chuo Kikuu cha Nairobi kiliwahi kubuni kichanjio cha raizobia ambacho mbegu hupakwa kabla ya kupandwa. Maarifa, basi, yapo nchini. Kilichopungua ni maneno ya kuyafikisha shambani.

Yamkini msomaji atauliza: haya yatuhusu nini sisi wa fasihi? TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, lakini istilahi haitoki kamusini kwa miguu yake. Huhitaji waandishi wa kuitia katika hadithi, michezo ya redio na vitabu vya watoto.

Napendekeza tuseme "vijiumbe" tunapowataja wote kwa jumla, na "vijidudu" tuwaachie waletao maradhi. Sidai kwamba kila kijiumbe ni rafiki. Wapo waozeshao mizizi. Hiyo ndiyo sababu ya kuhitaji maneno mawili, ili mkulima asimuue mshirika wake akidhani anamuua adui.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Viumbe hawa huishi gizani, nao hutulisha. Jina jema bado hatujawapa.